Nani Aliyekunywa Maji ya Nyanya?

Wenzangu wa kidato cha tatu mmeshakutana na mada ya ikolojia katika somo la biolojia, kwa hiyo mnajua kwamba mimea nayo hushindana kama watu kwenye foleni ya maji. Hushindania mwanga, hushindania maji, hushindania madini ya udongoni. Katika daftari langu nimechora mimea miwili, mmoja mrefu umeufunika mwenzake kwa kivuli, na mwalimu akaweka alama ya vema. Mchoro ni sahihi, sina neno. Lakini ukiutazama vizuri utaona kwamba unaishia pale udongo unapoanzia. Chini ya ule mstari wa ardhi kuna mizizi mitatu minne tu, basi. Makala haya yanahusu mambo yaliyo chini ya mstari.

Huku kwetu Kitui na Makueni mvua ni ya kubahatisha. Mvua za vuli, Oktoba mpaka Desemba, ndizo tunazozitegemea zaidi. Zile za masika zinaweza kuja kwa siku chache tu kisha zikaenda zao. Mmea usipowahi kuteremsha mizizi, umekwisha. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani, kule Machakos, kilitoa mahindi yanayokomaa upesi, na ndiyo maana wazee wetu hawaachi kupanda mbaazi, ambazo mizizi yake huenda chini sana. Hayo sote twayajua, hata aliyelala darasani. Tusichokijua wengi ni kwamba kuna wanyama wadogo mno wanaoweza kuifanya mizizi ya mmea mmoja kuwa butu, huku ya jirani yake ikiendelea kunywa bila wasiwasi.

Tuanze na minyoo. Sizungumzii minyoo wa tumboni ambao tulimezeshwa tembe zao shule ya msingi, wala nyungunyungu tunaowaona mvua ikinyesha. Hawa ni nematodi. Yule anayeshambulia mizizi, akiwa mchanga, ana urefu wa nusu milimita hivi au chini ya hapo, hana rangi, na ni mwembamba kiasi cha kupenya katikati ya chembe mbili za mchanga. Mwaka 2019 watafiti wa nchi nyingi walitoa hesabu yao katika jarida la Nature: kwa kila binadamu mmoja aliye hai, kuna nematodi wapatao bilioni 57 katika udongo wa juu wa dunia hii. Bilioni 57! Hao ni wako peke yako, mimi nina wangu. Lakini usiogope. Wengi wao hawana ubaya hata kidogo. Kuna wanaokula bakteria, kuna wanaokula kuvu, na kuna wanaokulana wenyewe kwa wenyewe. Wanaokula mizizi ni kundi tu, na katika kundi hilo yupo jambazi mmoja ambaye ndiye hasa nimemwandikia makala haya. Kwa Kiswahili tumwite mnyoo fundo. Jina lake la kisayansi ni Meloidogyne. Mafundo anayoyafanya yaliandikwa na Mwingereza Miles Joseph Berkeley mwaka 1855, baada ya kuyaona kwenye mizizi ya matango.

Mtoto wa mnyoo fundo akitoka yaini hupita katika ule unyevu mwembamba unaozizunguka chembe za udongo, akifuata harufu ya mzizi. Akiufikia, huingia karibu na ncha, mahali ambapo mzizi bado ni laini. Mdomoni ana kitu kama sindano. Huichoma seli kwa sindano hiyo na kuitia mate. Na hapa ndipo ninapostaajabu mimi: seli ile haiui! Anaibadilisha. Seli chache zilizo mbele ya kichwa chake huvimba, viini vyake vikaongezeka na kuongezeka bila seli yenyewe kugawanyika, zikawa majitu. Tangu siku hiyo kazi ya majitu hayo ni kumpikia mnyoo. Yeye halimi, hapandi, hatembei tena. Jike hunenepa mpaka akawa na umbo la kibuyu kidogo, kisha hutaga mayai mamia kadhaa katika ute. Udongo ukiwa na joto kama letu, toka yai hadi yai ni wiki tatu au nne hivi. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu au zaidi. Piga hesabu mwenyewe, na wale wanaolikimbia somo la hisabati waombe msaada.

Ubaya wake ni kwamba majitu yale hujengwa katikati ya mzizi, palepale zinapopita njia za maji. Mzizi wenyewe huvimba ukawa na mafundo mafundo, na njia za maji zikapindapinda. Maji yapo udongoni, mmea unayo kiu, ila hayapandi vizuri. Dalili yake ni mmea kunyauka adhuhuri na kuamka tena jioni jua likipungua, ingawa udongo umelowa. Fauka ya hayo, pale mnyoo alipoingilia huwa pameachwa mlango wazi, na magonjwa ya mnyauko yanayoletwa na bakteria na kuvu hupitia hapo. Tena minyoo fundo hupenda udongo wa kichanga, na nani asiyejua udongo wetu ulivyo?

Sasa nitatoa mfano ninaoujua mwenyewe. Sisi wa shule ya kutwa tunatembea kilomita nyingi, viatu vinaisha, na tukifika nyumbani hatupigiwi kengele ya chakula. Lakini tuna jambo moja ambalo wenzetu wa bweni hawana: tunayoyasoma asubuhi tunayakuta shambani jioni.

Nyumbani tuna kishamba cha nyanya kando ya mto wa mchanga, upande wa Makueni. Mama huyamwagilia maji ya kuchimba mchangani. Nyanya hizo ndizo karo, sitaficha. Mpakani jirani yetu ana safu ya grevilia, miti mikubwa tu. Msimu mmoja mistari ya nyanya iliyo karibu na miti hiyo ikaanza kunyauka kila ifikapo saa sita. Kila aliyepita alikuwa na jawabu tayari: miti ya mzee inakunywa maji. Maneno yakaanza. Mama akamwendea mzee kwa heshima, akamwomba aikate.

“Mama, miti hii niliipanda kabla wewe hujaolewa hapa,” mzee akasema.

“Ni kweli, mzee. Ndiyo maana imekuwa na kiu ya watu wazima,” mama akajibu.

Basi ikapangwa siku ya wazee kukaa. Tulikuwa tumekwisha kuacha kuamkiana na wajukuu wa mzee njiani, na hao tulikuwa tukitembea nao kuja shule. Kabla ya siku yenyewe kufika, afisa wa kilimo akapita kukiona kikundi cha kina mama. Mama akamwonyesha nyanya zake. Afisa hakuuliza habari za miti. Alikwenda kwenye mstari wa mbali kabisa na mpaka, ambako nyanya zilikuwa hazijanyauka ila zimedumaa kidogo, akachimba mmea mmoja taratibu na kuukung'uta. Mizizi yake ilikuwa kama tangawizi ndogo ndogo zilizotungwa kwenye uzi. Akalipasua fundo moja kwa wembe. Ndani mlikuwa na vinukta vyeupe vinavyong'aa kama shanga, na hao ndio majike wenyewe.

“Mama,” akasema, “miti inakunywa, siwezi kukudanganya. Lakini hata ukiikata yote leo, nyanya hizi hazina mdomo wa kunywea.”

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Maji yalikuwa ya wote wawili, mti na nyanya. Mbali na mpaka, nyanya yenye mafundo ilijikokota, maana ilimwagiliwa na hakuna aliyeigombania ndoo yake. Karibu na mpaka, nyanya ileile, yenye mafundo yaleyale, ilikutana na mshindani mwenye mizizi mingi na mirefu, ikashindwa kabisa. Kwa hiyo waliosema ni miti hawakuwa waongo. Waliiona nusu ya mambo, ile nusu iliyo juu ya mstari. Kikao cha wazee kilifanyika vilevile, kwa kuwa chai ilikuwa imekwisha andaliwa, lakini hakikuchukua muda. Mzee alikubali kuchimba mtaro mpakani ili aikate mizizi ya juujuu inayovuka. Mama naye akakubali kutopanda nyanya mahali hapo kwa muda.

Hapa pana jambo moja linalowachanganya watu, hata wasomi, nalo ni vifundo vya kunde, pojo na maharagwe. Si tumefundishwa kwamba mimea ya jamii ya kunde ina vifundo vya bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani? Basi mtu akiona mizizi ya kunde ina mafundo hufurahi, kumbe pengine anashangilia mwizi! Tofauti ni hii. Kifundo cha bakteria kimebandikwa ubavuni mwa mzizi. Ukikisugua kwa kidole kinabanduka, na ukikipasua kikiwa kinafanya kazi, ndani ni chekundu chekundu kama nyama. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki ila kwa kuukata mzizi, na rangi hiyo nyekundu ndani halina. Nyanya, sukuma wiki, karoti na biringanya hazina vifundo vya bakteria kamwe, hivyo ukikuta mafundo hapo usitafute maelezo mengine ya kujifariji.

Hebu tuondoke Ukambani kidogo, twende Uholanzi, ambako watu wamelichunguza jambo hili katika mimea isiyolimwa na mtu. Pwani ya huko ina vilima vya mchanga, na nyasi ya kwanza kuota juu yake inaitwa Ammophila. Nyasi hii hustawi sana inapofukiwa kila mwaka na mchanga mpya unaoletwa na upepo. Upepo ukiacha kuleta mchanga, hudhoofika, na nyasi za aina nyingine zikachukua mahali pake. Zamani ilidhaniwa kwamba imezeeka tu. Mwaka 1993 Wim van der Putten na wenzake walichapisha utafiti wao: kwenye mchanga wa zamani wamejaa nematodi na kuvu wanaoishambulia mizizi ya nyasi ile, lakini nyasi zinazoifuata zinawavumilia. Mchanga mpya hauna adui hao. Nyasi ile inapofukiwa hupeleka mizizi yake juu, kwenye mchanga safi, yaani inakimbia. Ikikosa pa kukimbilia inashindwa, na jirani anarithi kiwanja. Mwaka 2003 watafiti, akiwemo Gerlinde De Deyn, walionyesha kwamba wanyama wa udongoni wakiwekwa pamoja na mimea mchanganyiko huzipunguza nguvu zile nyasi zinazotawala, na mimea iliyokuwa inakandamizwa ikapata nafasi. Kumbe wanyama hawa si waharibifu siku zote. Kuna mahali ambapo wao ndio wanaozuia mbabe mmoja kuvila viwanja vyote. (Laiti tungekuwa na nematodi kwenye foleni ya chakula cha mchana!)

Shambani kwetu mambo huenda kinyume, kwa sababu mbabe ndiye sisi tunayemtaka. Tunataka nyanya ishinde magugu. Mnyoo akiidhoofisha nyanya, gugu linalomvumilia linapata maji, mbolea na mwanga bila jasho. Zaidi ya hayo, kuna magugu na mboga za kujiotea zinazomlea mnyoo huyo nyanya zikishatoka. Mnavu ni ndugu wa nyanya, na mnyoo fundo humkaribisha vizuri tu. Mchicha nao unampokea. Shamba linaweza kuonekana limepumzika, kumbe chini jiko linawaka. Mahindi ndiyo ya ajabu zaidi, kwa sababu yanaweza kumlisha mnyoo fundo bila kuonyesha mafundo ya kumtia mtu shaka, ukadhani umebadilisha mazao ilhali umebadilisha mpishi tu. Tena mahindi yana minyoo wao, jamaa wa Pratylenchus, ambao hawatulii mahali pamoja bali hutembea ndani ya mzizi wakiacha vidonda vyeusi.

Nisije nikalaumiwa kwamba nimewapaka matope wanyama wote wa udongoni. Angalia amiba, ambaye kwa kweli si mnyama hasa bali ni kiumbe wa seli moja tuliyemchora sote kidato cha kwanza. Mzizi humwaga sukari kidogo udongoni, bakteria wakaja kula na kuongezeka. Bakteria wamefungia nitrojeni miilini mwao, mmea hauwezi kuichukua. Amiba huja akawala bakteria, na nitrojeni inayomzidi huitoa kama taka, mzizi ukaichukua. Ni kama mtu anayewalisha mbuzi, si kwa ajili ya nyama, bali kwa ajili ya samadi. Nematodi wanaokula bakteria hufanya kazi hiyohiyo. Wapo pia kolembola, vidudu visivyo na mbawa ambavyo wengi wao wana kijimkia cha kurukia kilichokunjwa chini ya tumbo. Hula kuvu. Wakila kuvu waharibifu, mzizi unapona. Wakizidi kula kuvu wale wanaouletea mzizi fosfeti, mmea unaowategemea sana kuvu hao unapungukiwa kuliko jirani yake. Unaona? Mdudu hakuugusa mmea wowote, lakini mashindano ameyabadilisha.

Na mchwa je? Najua watu wananuna wakisikia jina lake, hasa aliyepoteza mlango wa choo. Lakini katika nchi kavu kama hii yetu, ambako nyungunyungu hawapati unyevu wa kutosha, mchwa ndio wanaotoboa ardhi maji yaingie na kupandisha udongo laini kutoka chini. Kule Mpala, Laikipia, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mimea iliyo karibu na vichuguu hustawi kuliko ile iliyo mbali, na kwamba vichuguu vyenyewe vimepangika kwa nafasi karibu sawa, utadhani vilipimwa kwa kamba. Mwaka 2015 watafiti wakaeleza kwamba vichuguu vinaweza kusaidia nchi kame kustahimili ukame. Hayo hayamrudishii mtu mlango wake, lakini ni haki yasemwe.

Turudi kwa mnyoo fundo, maana najua mtauliza dawa. Zamani wakulima wakubwa walifukiza udongo kwa gesi ya methili bromidi. Iliua kila kitu, wema kwa wabaya, na juu ya hayo iliharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo chini ya Mapatano ya Montreal nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia shambani ifikapo 2015, isipokuwa kwa ruhusa za pekee. Kwa sisi wenye ndoo na jembe, la maana kuliko yote ni miche. Mnyoo hana miguu ya kutoka shamba hadi shamba, anabebwa. Anabebwa na mche, na udongo ulioganda kwenye jembe, na maji ya mtaroni. Ukinunua miche, ng'oa mmoja mbele ya muuzaji utazame mizizi. Akikasirika, nunua kwingine.

La pili ni kung'oa mizizi mavuno yakiisha. Watu hukata mashina yakawa makavu, mizizi ikabaki na mayai yake. Ing'oe yote uichome. Kisha ugeuze udongo wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, ukae wazi kwenye jua. Minyoo wachanga hukauka wakafa, ingawa mayai mengine hustahimili. Samadi nayo husaidia kwa kuwalisha maadui wa mnyoo, na udongo wake hushika maji, hata mmea mgonjwa ukaweza kuvumilia.

Kupanda mmea usiomfaa mnyoo ni njia nzuri, lakini uchague kwa akili. Ndugu zetu wa Tanzania wana mmea uitwao marejea, wa jamii ya Crotalaria. Watoto wa mnyoo huingia mizizini mwake wakidhani wamefika nyumbani, kisha wengi wao wanashindwa kukua. Kuna pia lile gugu refu lenye harufu kali na maua madogo, asili yake Amerika Kusini, ambalo jina lake la kisayansi ni Tagetes minuta. Mizizi yake ina sumu ya kuwaua nematodi. Watu wengine wanasema ukiotesha machache katikati ya nyanya umemaliza kazi. Mimi siamini, kwa sababu sumu hiyo iko mizizini na karibu na mizizi tu, na gugu lenyewe nalo linakunywa maji ya nyanya. Lingepandwa kwanza peke yake kwenye shamba zima, hapo ningeelewa.

Ipo pia mbegu inayomshinda mnyoo. Nguvu hiyo ilitoka kwa nyanya mwitu ya Peru, na kwenye pakiti mara nyingi huonyeshwa kwa herufi N, wakati mwingine ikifuatana na V na F za magonjwa mengine. Lakini udongo ukizidi joto la digrii 28 hivi za sentigredi, kinga hiyo hulegea. Mtu wa Kibwezi au Mutomo akisoma hayo lazima acheke kidogo. Basi mwenye mbegu hiyo aufunike udongo kwa nyasi kavu ili upoe.

Mama yangu msimu uliofuata alipanda mtama mahali pale, na nyanya akazihamishia upande wa juu kwa miche aliyoiotesha mwenyewe. Nami naendelea kuchimba mmea mmoja mmoja kila wiki mbili na kutazama. Mpaka sasa mizizi ni myeupe, na wajukuu wa mzee tunatembea nao kama zamani.

Anayetaka kuwaona nematodi kwa macho yake anaweza, na hahitaji pesa. Chukua sahani ya kina kifupi, weka juu yake kichujio cha chai, tandika kichujio kwa karatasi ya shashi, kisha weka vijiko vitatu vya udongo mbichi uliochotwa karibu na mizizi. Mimina maji sahanini pole pole mpaka yaguse udongo kwa chini tu, usiufurikishe. Acha usiku kucha. Wanyama hawa hujipenyeza kwenye karatasi wakashukia majini, lakini udongo unabaki juu. Asubuhi ondoa kichujio, chota tone kutoka chini kabisa ya sahani, ulitazame kwa darubini ya maabara kwa lenzi ndogo. Utaona nyuzi zinazojipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Mwenye sindano mdomoni ni wa kutiliwa shaka, ila kuiona sindano yahitaji lenzi kubwa na subira. Mwalimu wetu wa biolojia ametuahidi darubini Ijumaa baada ya masomo. Udongo kila mtu aje na wake, uliofungwa vizuri usikauke, na sahani irudishwe jikoni ikiwa imeoshwa kwa sabuni.